Kwa unayeanza vitumbua vya kulaza usiku

Vitumbua vya kulaza vina raha yake. Unaamka saa kumi alfajiri, unga uko tayari, unawasha jiko na kuanza kumimina. Ila wengi wanaoanza hukwama siku ya tatu au ya nne, wakalaumu moto au chuma cha kukaangia, kumbe tatizo lilianza jana yake saa mbili usiku, walipotia hamira.

Mimi nilijifunzia Tanga kwa shangazi yangu. Hakuwa na kipimo, alichota hamira kwa ncha za vidole. Nikahamia Iringa, mwezi wa saba, nikafanya vilevile. Alfajiri nafunua ndoo: maji yametanda juu, mchele umetuama chini kama chokaa, hakuna hata povu moja. Jirani wa maandazi akauza mpaka akamaliza, mimi nimekaa na ndoo yangu. Usiku uliofuata, kwa hasira, nikatia kijiko kizima cha chakula na ndoo nikaisogeza karibu na jiko lililokuwa bado na makaa. Saa nane usiku nikasikia kifuniko kinaanguka. Unga ulikuwa umefika mlangoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba joto la chumba ndilo linaloamua hamira kiasi gani. Kwa kilo 1 ya mchele, usiku wa joto wa Tanga au Dar, robo kijiko cha chai inatosha kwa saa 8. Iringa kwenye baridi ile nilifika kijiko kizima cha chai, na ndoo nikaivika blanketi. Kile kijiko cha chakula ni cha mtu anayeumua mchana ili apike baada ya saa moja na nusu. Anza na vipimo hivi, kisha andika mahali: jana niliweka kiasi gani, asubuhi nilikuta nini. Baada ya wiki utakuwa na jibu la nyumba yako, ambalo mimi siwezi kukupa.

Mchele loweka asubuhi, usage jioni. Usinunue wa Kyela kwa kazi hii, harufu yake nzuri itamezwa na iliki na nazi. Chenga za bei rahisi zinafaa kabisa. Blenda usiijaze, saga kidogo kidogo, halafu chukua tone ulisugue kati ya vidole. Ukisikia mchanga, rudisha. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa, kwa hiyo ukiwa na chembe, hewa hutoka na kitumbua hubaki kizito. Ndiyo maana wengi husagia humo wali uliopoa, kama konzi moja kwa kilo. Wali huo ndio gundi.

Tui nalo. Tui la kwanza usililaze nje usiku kucha, hasa Pwani, maana litaharibika kabla unga haujaumuka. Mimi nasagia kwa tui la pili, tui la kwanza nalitia alfajiri, likiwa vuguvugu. Maji yote kwa jumla, tui la kwanza likiwemo, yasizidi vikombe 3 na nusu kwa kilo.

Sukari jioni weka kijiko kimoja tu, cha kuiamsha hamira. Iliyobaki, kama robo kilo, itie alfajiri pamoja na iliki, uache unga upumzike nusu saa. Na ujue kwamba sukari hulegeza unga. Watu huona jioni unga mzito, wakaongeza maji, halafu asubuhi sukari ikiyeyuka wanajikuta na uji.

Unga ulioumuka unanukia kama mkate. Ukichacha kidogo, ukawa na harufu kama ya togwa, bado unapikika, ila wateja watajua. Ukiona rangi ya waridi au madoa meusi, mwaga wote, usijaribu kuokoa kikombe.

Ukifika jikoni, mafuta kidogo kila tundu, moto wa wastani, na ukoroge unga taratibu kila baada ya kujaza chuma mara mbili tatu kwa sababu mchele hutuama. Kingo zikikauka na vitobo vya juu vikibaki wazi, geuza kwa spoku ya baiskeli; uma unachana. Ndugu zetu walioko Ulaya, wasiopata chuma chetu, wanatumia kikaangio cha Denmark cha æbleskiver, na kinafanya kazi vizuri tu.

Chuma kipya kichome kwa mafuta na chumvi, kifute, urudie mara tatu kabla ya kukitumia. Hata hivyo saba vya kwanza vitang'ang'ania. Hivyo usivipeleke barazani, vinywee chai wewe mwenyewe.