Jibu: Watoto hawatulii wakirudi kutoka kucheza

Habari mwalimu mwenzangu. Unasema watoto wako wa miaka 4 wakitoka kucheza hawakai mkekani, na ukipaza sauti ndiyo kwanza wanazidi. Angalia kwanza kama wamekunywa maji na kwenda chooni. Darasani kwangu nusu ya fujo ilikuwa kiu na mkojo tu.

Halafu acha kushindana nao kwa sauti. Mimi huanza wimbo kwa sauti ya kawaida, nashuka taratibu hadi kunong'ona, nao hunyamaza wenyewe ili wasikie. (Siku hizi nikichelewa kuanza, wananikemea!) Hadithi isizidi dakika 10. Yule mtundu kuliko wote mpe kazi ya kugawa vitabu.

Ila kama ni mmoja tu, na ukimwita hageuki, ongea na wazazi wake akapimwe masikio.