Bei ya upasuaji wa kupunguza uzito: ulizia kilichomo

Hospitali mbili za jiji moja kukupa bei zinazopishana karibu mara mbili kwa upasuaji uleule wa kupunguza mfuko wa tumbo si ajabu. Mara nyingi moja imetaja ada ya daktari na chumba cha upasuaji tu.

Omba mchanganuo kwa maandishi: daktari wa usingizi, vipimo vya awali (damu, moyo, endoskopi yaani kamera ya kuangalia ndani ya tumbo), siku za kulazwa, dawa. Ulizia hasa kifaa cha kukata na kubana tumbo kwa pini: kichwa chake hubadilishwa mara kadhaa katika upasuaji mmoja, na ni ghali. Kuna hospitali huandika gharama ya vichwa hivi kando.

Swali ambalo wengi hulisahau: mshono wa mfuko wa tumbo ukivuja, nani analipa? Kuvuja kunaweza kujitokeza hata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na kurudishwa chumba cha upasuaji pamoja na kulazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kunaweza kupita bei ya kwanza. Kifurushi kisichosema lolote hapo, mimi nisingekisaini.

Weka pia fungu la vitamini (B12, chuma, kalsiamu, D) za maisha yote, na vipimo vya damu kila mwaka.