Shangazi, kodi yetu itageuka nyumba?

"Shangazi, tunapanga ndani ya ua wa mzee mmoja hapa Kyaliwajjala, wilayani Wakiso, Uganda, kodi shilingi 700,000 kwa mwezi. Sasa anasema tukilipa milioni moja, ile 300,000 ya juu ataihesabu kuwa kianzio, yaani malipo ya awali ya nyumba, na baada ya miaka mitatu atatuuzia nyumba. Karatasi hataki, eti tumeshakuwa ndugu. Mume wangu amefurahi sana. Mimi naogopa, lakini nikisema ananiambia sipendi maendeleo." Mama wa Wawili

Mwanangu, hofu yako ina msingi, na mumeo naye hana kosa kuchoka kupanga. Mtu analipa kodi miaka nenda miaka rudi na habaki hata na tofali moja. Akiahidiwa nyumba, moyo lazima uruke.

Lakini kaa naye mpige hesabu. 300,000 kwa miezi 36 ni 10,800,000. Hiyo si kodi iliyogeuka kianzio, maana 700,000 inaliwa kama zamani. Ni akiba yenu wenyewe mnayomwekea mzee mfukoni. Na bei ya nyumba hukuniandikia. Kama haijatajwa leo, miaka mitatu ijayo ataitaja yeye.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo ua. Kama ua mzima una hati moja, atawauzia nini kabla mpima ardhi hajakata kipande chenu kikapata hati yake? Na je, hati anayo, au ni kibanja, yaani kipande anachokalia kwenye ardhi ya mwingine na kumlipa busuulu, ada ya kila mwaka? Wakiso ina ardhi nyingi ya mailo, yaani yenye hati ya mtu mmoja huku wengine wakiikalia kama vibanja, na mwenye kibanja hauzi bila ridhaa ya mwenye ardhi. Tena kama mzee anaishi humo na mkewe, sheria ya ardhi ya 1998 inataka mke huyo akubali. Umewahi kumsikia mke huyo akiyazungumzia mauzo haya?

Nendeni ofisi ya ardhi ya Wakiso na namba za kiwanja, muombe hati ikaguliwe. Mtaona jina la mwenyewe, na kama imewekwa rehani benki. Benki ikija kuuza, haitauliza mmelipa miezi mingapi.

Undugu bila karatasi haufai. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka maandishi kodi ikifika 500,000, na inakataza kuipandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, yaani kwenu 70,000. Kwa hiyo hiyo 300,000 isiitwe kodi hata kwenye risiti. Iandikwe malipo ya ununuzi, kwenye mkataba unaotaja bei, tarehe ya mwisho, na kitakachorudishwa mkishindwa njiani au mzee akifariki. Hilo la kufariki liulizeni bila haya. Warithi hawakuwapo mlipoahidiana. Kisha wakili aweke zuio kwenye hati, ili isihamishwe kwa mwingine bila ninyi kujua. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ni ushahidi mzuri, ila peke yake hautoshi.

Mzee akiyakataa haya, endeleeni kulipa 700,000 na hiyo 300,000 wekeni akiba kwa jina lenu.

Mumeo usimwambie "sitaki". Mwambie, "Naitaka nyumba hii, twende Wakiso tukaione hati." Na mkataba ukiandikwa, majina ya wanunuzi yawe mawili, lake na lako. Hilo lizungumzeni nyumbani, kabla hamjafika kwa wakili.