Uliza Shangazi: Mapacha, maji ya Paje na mama mkwe

SWALI: Shangazi shikamoo. Tunakaa Dodoma, tuna mapacha wanakaribia miaka miwili na kaka yao wa miaka minne, hatujawahi kuwapeleka baharini hata siku moja. Mwezi wa kumi na mbili tumepanga kwenda Zanzibar siku tano. Mume wangu ameona picha za Paje huko Instagram, sehemu nyingine hataki hata kuisikia, ila jirani yangu kaniambia Paje maji yanaondoka mnabaki mnaangalia mchanga, bora Nungwi. Halafu mama mkwe anasema wajukuu zake bado wadogo mno, chumvi itawaumiza macho, na kama lazima twende basi na yeye anaenda. Sasa bajeti yenyewe ndo hiyo hiyo, nimjibuje? Mama Mapacha, Dodoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho maana ndo zito kuliko yote: mama mkwe aende. Punguzeni siku ziwe nne, chukueni nyumba yenye jiko badala ya hoteli, fanyeni mnavyoweza lakini aende. Mko watu wazima wawili na watoto watatu, na baharini hesabu hiyo haikai.

Nakwambia kitu kilichonikuta mwenyewe. Miaka mingi nyuma tulienda Kigamboni ukoo mzima, watu wazima tulikuwa sita, tumetandika khanga chini ya mvinje, chipsi na mishikaki vimeshafika tunakula tunapiga stori. Binti yangu alikuwa na mwaka na nusu, amekaa pale mawimbi yanapoishia na kikombe chake chekundu cha plastiki, anachota anamwaga anachota anamwaga. Mimi najua yuko na dada yangu, dada yangu anajua yuko na baba yake, baba yake anajua yuko na mimi. Nageuka naona kikombe kinaelea peke yake na mtoto kalala kifudifudi kwenye maji ambayo mimi yalikuwa hayanifiki magotini, halii, harushi mikono, naona mgongo tu na kigauni kimevimba maji. Nikamnyanyua, akakohoa, akatapika, akalia, na leo ni mtu mzima ana watoto wake. Lakini ule ukimya sijausahau. Watu tunadhani mtoto akizama atapiga kelele tutasikia, mtoto mdogo hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia.

Kwa hiyo mkifika pale kila mtoto awe na mtu wake anayejulikana, Kulwa wa mama, Doto wa baba, kaka mtu wa bibi, au mgawane mnavyotaka ila yule mwenye mtoto akae umbali wa mkono wake kumfikia, siyo umbali wa kuita. Ukitaka kwenda chooni unamkabidhi kwa mdomo, "mama, Kulwa sasa ni wako", na unasubiri aitike ndo unaondoka. Simu iwekwe begini. Yale maboya ya kujaza upepo ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea tu, yanachomoka, yasikufanye umwachie mtoto. Na kama bibi haogelei, mpe zamu ya nchi kavu, yule aliyelala au anayejenga nyumba ya mchanga mbali na maji, atafurahi na wewe utapata nafasi ya kuingia kuoga na mumeo dakika ishirini.

Haya sasa Paje au Nungwi. Jirani yako hajakudanganya, pwani yote ile ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, maji yakikupwa yanaenda mbali sana kuelekea kwenye mwamba, unaona akina mama wanatembea kwenye mashamba yao ya mwani mahali ambapo jioni kuna kina cha kuogelea. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo, mtu mzima anaogelea karibu muda wote, na ndo maana watu wengi wanapasifia. Lakini wewe huendi na watu wazima, unaenda na watoto ambao maji ya kifundoni yanawatosha! Kwa umri wao maji yakitoka Paje wanabakiwa na vidimbwi vya maji ya vuguvugu, mchanga mweupe mpaka macho yanaishia, vikaa vidogo vya kufukuza, hakuna wimbi la kuwaangusha. Mimi hapa niko upande wa mumeo.

Ila mjue saa za maji, hili msilifanyie mchezo. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Zanzibar maji yanakuwa yametoka kabisa karibu na saa nne asubuhi na yanajaa karibu na saa kumi jioni. Kwa watoto ratiba hiyo ni tamu, asubuhi vidimbwi, mchana wanakula wanalala, jioni jua limepoa bahari imekuja mlangoni. Siku za maji mafu, ile wiki ya mwezi nusu, mambo yanageuka, asubuhi ndo yanajaa, japo hayaji kwa nguvu wala hayatoki mbali. Basi kabla hujalipia chumba angalia kalenda ya mwezi, na mkifika muulize mvuvi au kijana yeyote wa pale "maji leo saa ngapi", atakujibu bila kuangalia popote.

Kuna mawili ya kuogopa wakati maji yametoka. La kwanza msiende na watoto mbali mkaanza kuokota makombe mkasahau, maji yakirudi yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, mnajikuta mko kisiwani na mtoto mgongoni. Yakianza kugeuka na nyie geukeni. La pili wale wadudu weusi wa duara wenye miiba mirefu, wanakaa kwenye mawe na kwenye vidimbwi, mwiba ukiingia unakatikia ndani. Wanunulie wote yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, hata nyie wazazi.

Chumvi ya mama mkwe. Mwambie kwa heshima kwamba macho yatawasha kidogo, chukueni chupa ya maji safi muwasuuze uso, yanaisha. Wasimeze maji mengi tu maana yanatapisha na yanaharisha. Kinachoumiza kweli ni jua, na hapa sisi tunajidanganya eti ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, na mtoto anapata joto haraka kuliko sisi, sasa Desemba kaskazi ndo inaanza, joto la pwani siyo la Dodoma, lina unyevu, jasho halikauki. Saa nne mpaka saa kumi wawe kivulini kwa muda mwingi, tisheti ya mikono mirefu, kofia, losheni ya jua ya kinga (SPF) kuanzia 30 ipakwe upya wakitoka majini, na maji ya kunywa kila mara. Ndo maana nikasema vidimbwi, nendeni saa mbili, saa nne na nusu mrudi ndani. Beba na ORS pakiti kadhaa kutoka nyumbani, usisubiri kutafuta duka usiku.

Safari yenyewe msiibane. Treni ya SGR ya Dodoma imewarahisishia, mnafika Dar hamjachoka, ila msiunganishe na boti siku hiyo hiyo, laleni Dar, asubuhi ndo mpande. Boti inachukua kama saa mbili, kaeni chini na katikati ambako haiyumbi sana, watoto wasishibe maziwa kabla, na mifuko ya kutapikia iwe mkononi. Toka bandarini mpaka Paje ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, watoto wakae kiti cha nyuma, hata dereva akikwambia mbele kuna upepo. Na mkipita kijijini vaeni khanga, pale ni kwa watu.

SWALI: Shangazi, wangu ana miezi 14, kila tukienda bichi anakula mchanga kwa kiganja. Tumzuie kwenda? Mama Imani, Tanga.

JIBU: Msimzuie mama. Kidogo anachomeza kitatoka kwenye pampasi kesho. Mkalishe kwenye mkeka, mpe kijiko na kikombe mikono ipate kazi, na chagueni sehemu safi isiyo na uchafu wa mbwa wala mfereji unaomwaga hapo karibu. Akiharisha zaidi ya siku moja au akilegea mpeleke hospitali.

SWALI: Shangazi, tunatoka Nairobi kwenda Diani na mtoto wa miaka miwili, mke wangu anataka treni mimi nataka gari. Baba Tamara.

JIBU: Treni, baba. Toka Syokimau, stesheni ya Nairobi, mpaka Miritini, ya Mombasa, ni kama saa tano au sita, mtoto anatembea kwenye korido, analala, na chini ya miaka mitatu halipiwi. Kwa gari mtashinda mmefungwa nyuma ya malori ya Mombasa Road. Mkishuka Miritini mwambieni dereva apite barabara ya Dongo Kundu, hamna haja tena ya kupanga foleni ya kivuko cha Likoni na mtoto analia. Chukueni treni ya mchana, ile ya usiku inawashusha alfajiri mtoto kavurugika usingizi na chumba hakijawa tayari.

La muhimu zaidi kwenu watu wa Nairobi ni malaria. Mtoto aliyekulia huko juu hana kinga nayo, na Pwani ipo. Ongeeni na daktari kabla ya kusafiri, lazeni mtoto ndani ya neti kila usiku na mikono mirefu kuanzia magharibi. Akipata homa mkiwa Diani apimwe siku hiyo hiyo, na akiipata hata wiki mbili au tatu baada ya kurudi nyumbani, mkifika hospitali neno la kwanza liwe kwamba mtoto alikuwa Pwani.