Unasoma kwa Kiingereza, utahubiri kwa Kiswahili: kwa wanaoanza masomo ya theolojia Mombasa

Ukianza masomo ya theolojia hapa Mombasa, vitabu vingi utakavyopewa ni vya Kiingereza na insha utaandika kwa Kiingereza. Kisha Jumapili unapelekwa mazoezini, Likoni au Kisauni, uhubirie watu kwa Kiswahili. Hapo ndipo wengi hukwama. Alama za darasani ni nzuri, lakini mimbarini wanatafsiri papo kwa papo, na neno likiwakataa wanachomeka la Kiingereza. Tunakusihi uingize Kiswahili katika masomo yako tangu wiki ya kwanza, usingoje mwaka wa mwisho.

Chukua Kigiriki, lugha ya Agano Jipya. Herufi ni 24, na zinazoangusha watu ni zile zinazofanana na zetu: ν ni n, si v, ρ ni r, si p, η ni e ndefu, si n. Zimalize ndani ya wiki moja, kwa kuandika kwa mkono, kabla hujagusa sarufi. Anayeandika matamshi kwa herufi za kawaida juu ya kila neno hufika kwenye mtihani akiwa bado hajui kusoma, kwa sababu jicho lake halikuwahi kulazimika kutazama mstari wa chini.

Kisha msamiati. Maneno kama 310 hutokea mara 50 au zaidi katika Agano Jipya, na hayo peke yake hubeba karibu asilimia 80 ya maandishi yake. Kata karatasi ya manila vipande vinavyoenea kiganjani, Kigiriki mbele, Kiswahili nyuma. Jifunze kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, ukianza kila mara na ya jana. Kwa wiki saba umeyamaliza. Foleni ya feri ya Likoni inatosha kurudia kadi thelathini.

Tunasisitiza Kiswahili nyuma ya kadi kwa sababu kinakusaidia kuelewa. Kivumishi cha Kigiriki hubadilika kupatana na nomino yake, na aliyelelewa na ngeli hilo halimshangazi. Tazama pia vitenzi. Katika Yohana 19:30, τετέλεσται (tetelestai) ni tendo lililokamilika ambalo matokeo yake bado yapo. Biblia ya Muungano ya 1952, tafsiri ya Kiswahili, inasema "Imekwisha", na hiyo -me- inafanya kazi ile ile: ukisema mlango umefungwa, msikilizaji anajua hata sasa haupitiki. Au Yohana 3:16. Wahubiri wengi husema Mungu aliupenda ulimwengu "sana". Neno la Kigiriki pale ni οὕτως (houtos), "kwa namna hii", na Biblia ya Muungano imeliweka sawasawa: "jinsi hii". Mwanafunzi aliyesoma aya hiyo kwa Kiingereza tu hulipita bila kuliona.

Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, kina herufi 22 na husomwa kutoka kulia. Tenganisha mapema ד (d) na ר (r): ya kwanza ina kona kali, ya pili imepinda. Msamiati wake una ndugu wengi katika Kiswahili waliopitia Kiarabu: nabii, malaika, nafsi, roho, damu, kuhani, saba. Yashike hayo kwanza, yatakupa moyo. Ila ndugu si pacha. נֶפֶשׁ (nefesh) ya Kiebrania ni pana kuliko nafsi yetu. Mahali pengine ni koo, mahali pengine ni uhai wenyewe. Na neno kuhani lina maana nyingine kwa jirani yako Mwislamu: mtabiri, mpiga ramli. Ukihubiri kutoka Waraka kwa Waebrania kwenye mkutano wa nje hapa mjini, eleza kwanza kazi ya kuhani wa hekaluni, ndipo uendelee.

Historia ya kanisa nayo isiishie kwa Luther na Calvin. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 na mwenzake Rebmann akamfuata 1846. Krapf alianza na lugha, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882. Kengele ya Frere Town iko Kisauni, mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa kuanzia 1875, na chuo cha theolojia kilichoanzishwa hapo 1903 kilihamia Limuru 1930. Nenda ukapaone kabla ya kuandika insha.

Sasa mahubiri. Usiyaandike kwa Kiingereza kisha uyatafsiri Jumamosi usiku. Sentensi zitatoka ndefu, zimejaa "ambayo". Yaandike kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza, uyasome kwa sauti ukitazama saa. Weka daftari la safu tatu: neno la asili (Kigiriki au Kiebrania), neno la darasani (Kiingereza), na sentensi nzima ya Kiswahili inayolieleza. Safu ya tatu ndiyo ngumu. "Kuhesabiwa haki", yaani kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa mfano, wengi huiandika na kuiacha hivyo. Lakini mama wa jumuiya akisikia "haki" anafikiria mahakama, shamba la familia, mshahara uliocheleweshwa. Andika sentensi ambayo yeye angeirudia nyumbani kwa maneno yake, kisha mwombe airudie. Akishindwa, ifute uandike nyingine.