Shangazi, deni limeisha ila simu ikiita natetemeka

Fundi cherehani wa Mbagala, mama wa watoto wawili, ananiandikia kwamba alikopa mtoto alipolazwa, na mwaka jana watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wakambebea cherehani na friji mchana kweupe. Deni kalimaliza. Lakini namba ngeni ikipiga anatetemeka, hela anaificha kwenye gunia la mchele, na juzi mwanawe karudishwa kutoka shule kwa kukosa viatu, wakati hela ya viatu imo humo guniani.

Pole sana, mwanangu. Kilichoniuma zaidi ni pale uliposema siku hizi unazunguka njia ya nyuma ili usionane na majirani. Nakuelewa. Nikiwa na miaka tisa walikuja kuchukua kabati letu, na mama akaendelea kupepeta mchele kama vile mlangoni hakuna mtu. Hakuligusia jambo lile hadi anaingia kaburini. Sisi watoto tukakua tunaogopa hodi.

Kwa hiyo liseme. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, umsimulie yote, hata ukilia. Mwanao naye mwambie kwa maneno mepesi: tulikuwa na deni, nimelilipa. Uliuguza mtoto, ukalipa, umesimama tena na cherehani. Hapo aibu ya nini?

Hela itoe kwenye gunia, panya hawana huruma. Ya nyuzi na vitambaa ikae peke yake, ya chakula peke yake. Kisha nunua kibubu, utie shilingi 1,000 kila jioni ukifunga kazi. Miezi sita ni kama 180,000, na homa ya usiku haitakupeleka tena kwa mkopeshaji. Ukilazimika kukopa, kabla ya kusaini omba uione leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, unakiogopa, sawa, usikimbilie. Nenda kwanza ukae kama mgeni. Angalia kama sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na kama hesabu zinasomwa mbele ya wote. Usipoyaona hayo, aga uondoke.

Ila viatu visingoje kikoba. Jumamosi hii mshike mwanao mkono mwende sokoni, achague mwenyewe, na chenji muihesabu pamoja. Mkirudi, piteni njia ya mbele.