Mabaka meupe yote yanafanana: nisomeje magonjwa ya ngozi kabla ya mtihani?

Swali: Shikamoo mkufunzi. Nipo mwaka wa pili wa stashahada ya utabibu hapa Tanzania. Zimebaki wiki tatu tufanye mtihani wa magonjwa ya ngozi, wa karatasi na wa vitendo. Picha za kitabuni nazijua zote, lakini nikikutana na mgonjwa mwenyewe nachanganyikiwa, hasa kwenye mabaka meupe. Yote nayaona sawa. Nisome vipi?

Jibu: Marahaba. Usijilaumu, maana shida yako imeanzia kitabuni. Picha nyingi tulizosomea zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, na maelezo yake yanafuata ngozi hiyo hiyo: baka jekundu, kipele cha waridi. Mgonjwa utakayemkuta kwenye kituo cha mtihani ni mweusi kama wewe na mimi. Kwa hiyo wiki hizi tatu weka picha pembeni. Jizoeze kueleza kwa maneno kile unachokiona na unachokigusa, kisha jiulize ni kitu gani ndani ya ngozi kimeharibika.

Mwaka mmoja nilisimamia kituo chenye mgonjwa wa selulaitisi ya mguu, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi. Watahiniwa kadhaa waliandika "hakuna wekundu", wakaanza kutafuta ugonjwa wa mishipa ya damu. Mguu ule ulikuwa umekolea zambarau, ngozi imekaza hadi inang'aa. Ungeweka mgongo wa kiganja juu yake, kisha ukauhamishia mguu wa pili, ungelijua joto lile papo hapo. Kwenye ngozi nyeusi uvimbemoto hujionyesha kwa weusi uliozidi, joto na maumivu. Ukisubiri wekundu utamkosa mgonjwa.

Maneno ya kuelezea ngozi yamalize siku mbili za mwanzo. Doa bapa lisilozidi sentimita 1 ni makula; likizidi ni baka. Kinyanyuko kidogo ni papula, kikiwa kipana ni plaki, kikizama chini na kuwa kigumu ni nodula. Lengelenge dogo ni vesiko, kubwa ni bula, na lenye usaha ni pastula. Vitabu vingine huweka mpaka kwenye nusu sentimita, basi fuata kipimo cha mtaala wenu.

Sasa tuje kwenye mabaka meupe, maana hapo ndipo watu wengi wanapoanguka. Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zimekaa kwenye safu ya chini kabisa ya epidemisi, lile tabaka la juu la ngozi. Katika mbalanga seli hizo zimekufa, ndiyo maana baka linakuwa jeupe pe kama chokaa, halina magamba, na nywele zilizo juu yake zinaweza kuwa nyeupe pia. Katika ukoma rangi imepungua tu, haijakwisha. Hilo likae kichwani: baka la ukoma halifiki weupe wa chokaa. Utangotango unatokana na fangasi wanaoishi juu juu ya ngozi na kuvuruga utengenezaji wa rangi. Utaukuta kifuani, mgongoni na shingoni, na ukikwangua taratibu kwa ukingo wa kioo cha slaidi unaona unga mwembamba ukitoka. Unga huo ukiutilia potasiamu haidroksaidi unaweza kuwaona fangasi kwenye darubini. Mtoto mwenye mabaka yaliyofifia mashavuni, kingo zake hazieleweki vizuri, na ana historia ya pumu ya ngozi, mfikirie pitiriasisi alba.

Hata hivyo macho peke yake hayatoshi, lazima upime hisia, kwa kuwa ukoma huharibu neva (mishipa ya fahamu), na wengi hupima vibaya. Sokota pamba iwe na ncha nyembamba. Mwonyeshe mgonjwa akiwa anatazama, mguse kwenye ngozi nzima, yaani isiyo na baka, mwambie aonyeshe kwa kidole pale alipoguswa. Akishaelewa, mwambie afumbe macho. Gusa mara moja tu mpaka ncha ya pamba ijikunje, usiiburute. Changanya: ngozi nzima, baka, ngozi nzima mara mbili, baka tena. Na usimuulize "Unasikia?" kila ukigusa. Wagonjwa wetu wana heshima. Ukiuliza hivyo atajibu ndiyo kila mara asikuvunje moyo, nawe utaandika kwamba hisia zipo. Mwache kidole chake kijibu. Ukigusa katikati ya baka na kidole hakisogei kabisa, hapo umepata jibu lenye uzito.

Baka la usoni lina mtego wake, kwa sababu uso una neva nyingi na hisia zinaweza kubaki. Ndiyo maana hatuishii kwenye pamba. Papasa neva ya ulna nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko, neva ya shingoni chini ya sikio mgonjwa akiwa amegeuza kichwa upande wa pili, na ile inayozunguka shingo ya fibula, chini ya goti upande wa nje. Linganisha kulia na kushoto. Kwenye karatasi wanapenda kuuliza dalili kuu tatu za ukoma: baka lililopoteza hisia, neva iliyonenepa pamoja na ganzi au udhaifu wa misuli, na bakteria kuonekana kwenye kipimo cha majimaji ya ngozi. Moja tu inatosha kuthibitisha ukoma. Mabaka 1 hadi 5 bila bakteria ni aina ya bakteria wachache, tiba miezi 6. Yakizidi 5, au neva zikihusika, au bakteria wakionekana, ni aina ya bakteria wengi, tiba miezi 12.

Kuhusu misingi ya ugonjwa, nakupa mfano mmoja wa namna chanzo kinavyojibu maswali mengi kwa mpigo. Kwenye upele wa skabisi, kinachowasha zaidi ni mwili kumkataa utitiri (mdudu mdogo anayeuleta), mayai yake na kinyesi chake. Ukiuelewa mzio huo, utajua kwa nini anayeambukizwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6, wakati aliyewahi kuugua huwashwa ndani ya siku chache tu. Utajua kwa nini wote nyumbani au bwenini wanatibiwa siku moja, hata asiyejikuna, kwani anaweza kuwa na utitiri kabla ya muwasho kuanza. Na utajua kwa nini muwasho unaoendelea wiki mbili au zaidi baada ya kupaka benzili benzoeti sawasawa haumaanishi kwamba dawa imeshindwa. Hayo ni maswali matatu ya mtihani, na hukukariri hata moja. Mgonjwa akija, tazama katikati ya vidole, viganjani, kitovuni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga usisahau nyayo na kichwa.

Mapunye vilevile. Fangasi yuko ndani ya unywele na kwenye shina lake, krimu haimfikii, ndiyo maana jibu ni griseofulvini ya kumeza kwa wiki kadhaa, pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. Choa cha mwilini, kikiwa kidogo, krimu inakitosha. Ila muulize mgonjwa alichopaka kabla hajaja kwako. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa madukani hupunguza muwasho, zinafuta ule ukingo wa duara, na choa kinaendelea kusambaa kwa sura ambayo hutaitambua.

Mkanda wa jeshi ni rahisi: malengelenge yaliyokusanyika upande mmoja wa mwili, yanafuata eneo la neva moja, kwa kawaida hayavuki mstari wa katikati. Kwa kijana, huenda kinga ya mwili imeshuka, hivyo toa ushauri nasaha na umpime VVU.

Wiki ya kwanza maliza maneno na mabaka. Ya pili soma skabisi, fangasi, maambukizi ya bakteria na pumu ya ngozi, kila ugonjwa ukurasa mmoja unaoanza na chanzo chake. Ya tatu usikae chumbani. Omba ruhusa uhudhurie kliniki ya ngozi, na kwa kila mgonjwa mweleze mwenzako ulichokiona kabla hamjataja jina la ugonjwa: mahali, umbo, rangi ukilinganisha na ngozi yake nzima, kingo, magamba, joto, hisia. Na pamba weka mfukoni mwa koti lako, maana si kila kituo utaikuta mezani.